Siku ya Kimbunga, Upepo Sifuri

Ripoti ilisema upepo unapungua.

Niliisoma Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, nimesimama na ngazi begani. Nikairudia mara tatu, nikidhani miwani inanifanyia mzaha. "Kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa kwa miaka sitini zinaonyesha kuwa nguvu ya upepo katika siku za vimbunga inapungua taratibu. Kwa hiyo wodi ya wazazi itajengwa upya katika kiwanja chake cha awali, kwa paa la aina ileile." Chini yake sahihi ya mhandisi, mhuri wa zambarau, na tarehe ya kikao cha kupitisha: Alhamisi, saa nne.

Wodi ile nimeiezeka mara tatu. Mara tatu kimbunga kimeing'oa, na mara tatu nimepewa mabati yaleyale, misumari ileile na mbao zilezile, kisha mwenyekiti wa halmashauri akakata utepe na kusema sasa akina mama watajifungua kwa amani. Nina sherehe zote tatu kichwani, hata rangi ya utepe. Mara ya mwisho, mwezi wa pili mwaka huu, paa liliondoka saa saba mchana. Nusu saa baadaye bahari ikapanda mkondo na kuingia wodini bila hodi. Wanawake kumi na mmoja walisimama juu ya vitanda wamebeba vichanga vichwani kama watu wanaovuka mto, wakakaa hivyo hadi jioni. Wa kumi na mbili alikuwa hajajifungua. Alijifungulia juu ya kabati la dawa, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu.

Upepo unapungua. Haya.

Watu hapa wananiita Tarumbeta. Si jina la heshima. Nilipewa na mwenyekiti mwenyewe, tulipokuwa bado vijana, siku niliyosimama kwenye mkutano wa hadhara nikamuuliza kwa nini kiwanja cha bondeni, mita sitini kutoka mkondoni, ndicho kinachofaa wagonjwa, na kile cha juu karibu na tangi la maji ndicho kinachongojea ukumbi wa halmashauri. Watu walicheka. Jina likaganda, na kiwanja kikabaki palepale. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia misumari, na kwenye paa za watu, kwa sababu paa lililong'oka linasomeka kama kitabu ukijua pa kuanzia.

Nikaweka ngazi chini nikapanda ofisini kwa mhandisi. Ni kijana mpole, anavaa shati lililopigwa pasi hadi makunyanzi yanaogopa. Upole wake ndio unaonimaliza. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kaa."

"Marahaba. Sikai. Nani kakwambia upepo unapungua?"

"Namba za kituo, mzee. Sikuziokota barabarani."

"Vimbunga vinaongezeka kila mwaka. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua."

"Vimeongezeka kwa vingapi?"

"Vingi."

"Vingi si namba, mzee wangu." Akageuza kompyuta nione. "Hii ni idadi ya vimbunga vilivyopita bahari yetu. Miaka ishirini ya kwanza, kumi na vinne. Miaka ishirini ya mwisho, kumi na vitatu. Na huu ni wastani wa upepo katika siku za vimbunga hapa mjini. Uone mstari unavyoshuka."

Ulikuwa unashuka kweli, mwekundu, kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Nikamwambia mstari hauwezi kuwa kweli kuliko wodi iliyobomoka. Akaniambia wodi moja haifanyi mwelekeo wa miaka sitini. Nikamwambia hata yeye alizaliwa humohumo wodini. Akaniambia ndiyo, na anashukuru. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Nikashuka na ngazi yangu hadi kwa dada. Dada yangu ana nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ghala la saruji, na binti yake, mpwa wangu, ndiye karani mkuu wa takwimu pale kituo cha hali ya hewa. Mwezi ujao wangemthibitisha kuwa mkuu wa kituo. Nilimkuta yuko kwenye mapumziko ya mchana, anakunywa chai kwa kuipuliza, na mama yake anapiga pasi.

"Umeanza," dada alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimeijua hiyo miguu tangu getini. Kaa kwanza, kaka. Hasira si basi kwamba itakuacha."

Nikakaa, nikamgeukia mpwa. "Mwanangu, namba zenu ni za uongo."

"Zipi, Mjomba?"

"Zote. Mhandisi anasema vimbunga havijaongezeka."

Akaweka kikombe chini. "Hilo ni kweli."

Dada akacheka mpaka akainua pasi isiunguze shati.

"Mimi nina miaka sitini na sita," nikasema. "Utotoni nilishuhudia vimbunga vitatu tu. Vitatu. Cha Kengele, kilichochukua kengele ya shule tukakaa wiki bila kujua saa ya kwenda nyumbani. Cha Milango, na kile cha Mbuzi Juu ya Tangi. Siku hizi tunavihesabu kama siku za wiki."

"Vilivyopita baharini bila kugusa mji ulivionaje?"

"Ningevionaje?"

"Ndiyo hapo. Zamani hakukuwa na picha za kutoka angani. Kimbunga kikizunguka baharini kikafa hukohuko bila kukutana na meli, hakuna aliyejua kama kilizaliwa. Leo hakuna kinachojificha, na redio inatangaza vyote. Wewe ulihesabu vilivyokupiga, Mjomba. Hukuhesabu vilivyokukosa."

Maneno haya yalinichoma, na nilichomeka zaidi kwa kuwa yalisemwa kwa adabu. Miaka ishirini nimesimama kwenye kila mkutano nikisema vinaongezeka. Nimeandika hivyo kwenye kuta kwa mkaa. Nimesema hivyo msibani, dada akanitoa nje kwa mkono.

"Kwa hiyo hakuna kilichobadilika," nikasema. "Bahari ni ileile, na mimi ni mwendawazimu."

"Sijasema hivyo. Bahari imepata joto, na maji ya moto ndiyo chakula cha kimbunga. Walio kwenye vituo vikubwa, wanaopima bahari nyingi kwa pamoja, hawana uhakika kwamba idadi inapanda. Wanachokiona ni kwamba miongoni mwa vinavyozaliwa, vile vikali vinachukua sehemu kubwa zaidi. Vinamwaga mvua nyingi zaidi, na maji ya bahari yanaanza safari yakiwa juu kuliko zamani. Hapa kwetu tu ndipo mstari unashuka. Hata mimi nimeshangaa."

"Umeshangaa ukafanya nini?"

Akakichukua tena kikombe chake.

"Basi nionyeshe," nikasema. "Nionyeshe siku ya wodi. Saa kwa saa, kwa macho yangu haya."

Jumanne mchana nikaenda kituoni. Ni chumba kimoja cha matofali juu ya kilima, chenye madirisha madogo, meza mbili, na nje mlingoti mrefu wenye vikombe vitatu juu yake vinavyozungushwa na upepo. Vikizunguka ndipo upepo unapohesabiwa. Vile vya siku hiyo vilikuwa vipya, vinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Mpwa wangu akafungua kompyuta, akatafuta mwezi wa pili, akatafuta siku.

"Saa nne asubuhi, kilomita sitini na moja kwa saa," akasoma. "Saa tano, sabini na nane. Saa sita, mia na nne."

"Ehe. Saa saba?"

Hakusoma. Nikainama mwenyewe, miwani ikateleza puani. Saa saba, sifuri. Saa nane, sifuri. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Mimi si mtu wa kucheka hovyo, lakini nilicheka. Saa saba mchana siku ile bati la wodi lilikuwa limejikunja kwenye nguzo ya umeme kama leso. Nilimwona mlinzi wa bohari akitambaa kwa tumbo barabarani, mtu wa kilo tisini. Na kumbukumbu ya serikali inasema hata unyoya haukutikisika.

"Mwanangu, huu upepo sifuri ulimbeba nani?"

Mpwa wangu alikwenda kwenye kabati la chuma, akatoa daftari kubwa la karatasi, lile wanaloandika kwa mkono kabla ya kuingiza kwenye kompyuta. Akafungua siku ileile. Pale penye saa saba hapakuwa na sifuri. Palikuwa na mstari mfupi wa kulala, na pembeni mpimaji wa zamu ameandika kwa haraka: "Vikombe vimechukuliwa na upepo. Tumelala chini ya meza."

Mstari. Maana yake: hatukuweza kupima.

"Nani aligeuza mstari kuwa sifuri?"

"Mimi," alisema.

Alikaa. Akanieleza bila kunitazama. Miaka minane iliyopita aliajiriwa kwa mkataba kuingiza madaftari yote ya zamani kwenye kompyuta, miaka hamsini na zaidi ya karatasi. Programu waliyoletewa ilikuwa haikubali mstari, na haikubali kisanduku kitupu. Ukiacha kitupu inalia na inagoma kwenda ukurasa wa pili. Akamuuliza mkuu wa wakati ule afanyeje. Mkuu akamwambia weka sifuri, tutarekebisha baadaye. Yule mkuu alistaafu, akahama. Baadaye haikufika. Kila aliyeajiriwa akafundishwa hivyohivyo: vikombe vikivunjika, weka sifuri. Hakuna aliyekuja kusoma zile namba, mpaka mhandisi alipoomba wastani.

Tukafungua na kurasa za vimbunga vya nyuma, kisha nikasimama nikatazama mlingoti dirishani. Ilinichukua muda, kichwa changu kinakwenda kwa miguu. Kimbunga cha Kengele hakikuvunja vikombe, kwa hiyo kiliandikwa kizima. Cha Milango kilivivunja mwishoni, kikapata sifuri mbili. Cha mwaka huu kilivivunja mapema, kikapata sifuri sita na zaidi hadi usiku. Ukijumlisha na kugawanya, kadiri kimbunga kinavyokuwa kikali ndivyo kinavyovunja vikombe mapema, ndivyo kinavyopata sifuri nyingi, ndivyo kinavyoonekana mpole. Tumejenga mashine ya kuwasamehe majambazi.

"Nipe hilo daftari," nikasema. "Leo hiihii nakodi kipaza sauti, napita nalo mtaa kwa mtaa."

"Hapana, Mjomba."

"Unaogopa cheo?"

"Naogopa, ndiyo. Nisiogope kwa nini?" Alikuwa ameshika daftari kifuani. "Lakini si hilo. Ukiipigia tarumbeta, itakuwa kelele yako nyingine. Mwenyekiti atasema ndiyo yuleyule, na watu watacheka kama kawaida yao. Mimi ndiye niliyeandika sifuri, mimi ndiye nitakayesema."

"Na mimi?"

"Wewe utaleta makopo yako ya misumari. Na utanyamaza."

"Mimi?"

"Wewe. Mpaka uulizwe. Na ukiulizwa kuhusu idadi, utasema ukweli."

Hapo tuligombana kweli. Nikamwambia hajui anachoniomba. Nikimpa mwenyekiti hilo moja, atalitembeza mjini kama ng'ombe wa mnada. Akaniambia nikiling'ang'ania, mhandisi atalivunja kwa dakika moja, na watu wakiona moja limevunjika hawatasikiliza jingine. "Unataka kushinda ubishi, au unataka wodi ipande juu?" Niliondoka bila kuaga. Jambo la kutoaga nililiombea radhi kesho yake, kupitia kwa mama yake, kama ilivyo desturi yangu.

Jumatano nilifungua makopo. Kila baada ya kimbunga, kabla sijaezeka upya, huwa naokota misumari ya paa la wodi na kuitia kwenye kopo la rangi, nikaandika mwaka. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliyaita makaburi ya chuma. Mimi mwenyewe sikujua naiweka ya nini, ila nilijua kuna siku watu watasema haikuwa hivyo. Mpwa wangu naye alishinda kituoni akinakili safu nyingine ya daftari ambayo hakuna aliyewahi kuiomba: mgandamizo wa hewa. Kifaa chake kinaning'inia ndani, ukutani, juu ya meza. Upepo hauwezi kukibeba bila kubeba nyumba nzima, kwa hiyo hakijawahi kukosa hata saa moja. Na namba yake inaposhuka chini zaidi, ujue kimbunga ni kikali zaidi.

Alhamisi chumba cha mikutano kilijaa. Mwenyekiti alikaa mbele na wajumbe wanane, mhandisi pembeni na kompyuta yake. Dada yangu alikuja amevaa nguo ya harusini, akasema hajawahi kuona kaka yake akinyamaza na hataki kusimuliwa.

"Naona Tarumbeta yupo," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka kwa mazoea. "Leo utatupigia wimbo gani?"

Dada alinikanyaga mguu, kwa tahadhari tu.

"Kimya?" mwenyekiti akasema. "Basi kweli hali ya hewa imebadilika."

Mpwa wangu akasimama. Alitaja jina lake na kazi yake, kisha akasema, bila kuzungusha, kwamba ripoti ina kosa na kosa ni lake. Akaeleza mstari na sifuri. Akawasomea daftari, pamoja na lile la kulala chini ya meza.

Mhandisi aliinua mkono. Alikuwa amepauka. "Naomba niulize. Huenda vikombe vya siku hizi ni dhaifu kuliko vya zamani? Vinavunjika mapema, lakini upepo ni uleule?"

Lilikuwa swali zuri, lakini nilimchukia kwa kuliuliza.

"Huenda," mpwa wangu alisema. "Ndiyo maana nimeleta mgandamizo wa hewa, unaopimwa ndani. Siku ya Kimbunga cha Kengele, namba ya chini kabisa ilikuwa mia tisa themanini na tisa. Siku ya Milango, mia tisa themanini na moja. Kile kilichong'oa wodi mara ya pili, mia tisa sabini na mbili. Cha mwaka huu, mia tisa hamsini na nane. Idadi haijapanda. Kila kikali kimezidi kile kilichopita. Kituo kimoja hakitoshi kuisemea dunia, lakini kinachoonekana hapa hakipingani na kinachoonekana kwenye bahari nyingine zinazopata joto."

Akanitazama. Nikasimama, nikamwaga makopo matatu kwenye meza ya mwenyekiti, kila moja na fungu lake. Sikusema neno. Mhandisi ndiye aliyesogea. Akaokota msumari wa fungu la kwanza, umepinda kama ndoano.

"Huu umevutwa ukatoka kwenye mbao," akasema taratibu. Akaokota wa fungu la pili, umenyooka, lakini chini ya kofia yake umebaki na pete ya bati. "Huu haukutoka. Bati limechanika likauacha." Fungu la tatu halikuwa na misumari mitupu. Lilikuwa na vipande vya mbao vyenye misumari bado ndani, salama kabisa. "Hapa mbao yenyewe imepasuka. Fundi, misumari ni ya aina moja?"

"Aina moja."

"Na mbao?"

"Unene uleule, mpya kila mara. Mnayoninunulia ninyi."

"Na aliyegongelea?"

"Mkono huu."

Akakirudisha kipande mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nilianza kuona kiwanja cha juu kinatusogelea. Ndipo mwenyekiti akaegemea kiti. Namjua tangu tukiwa na kaptula za shule. Akiegemea, anatafuta mlango wa nyuma.

"Mimi nina swali moja tu kwa Fundi," alisema. "Miaka ishirini unatuambia vimbunga vinaongezeka. Umeandika hadi kwenye ukuta wa choo cha soko. Leo binti yako anasema idadi haijapanda. Sasa tumwamini nani? Vimeongezeka, au havijaongezeka?"

Watu wote walinigeukia. Nilijua jibu lililokuwa linangojewa, nami nilikuwa nalo kooni, limejaa: ningemwambia juu ya utepe, juu ya ukumbi, juu ya vichanga, nikamalizia na marehemu baba yake. Mpwa wangu alitazama meza. Hakunionya wala hakunikonyeza.

"Havijaongezeka," nikasema.

"Sema kwa sauti, mzee. Leo hatukusikii."

"Idadi ya vimbunga haijaongezeka. Nilikosea. Nilihesabu vilivyonipiga." Nikavuta pumzi. "Vilivyokuwa vikali vimezidi ukali. Hilo sikukosea, na misumari hiyo hapo mbele yako, iulize."

Kulikuwa na vicheko viwili vitatu, vya nyuma. Havikuenea. Mjumbe mmoja mama, ambaye wajukuu zake wawili walibebwa vichwani siku ile, aliuliza mhandisi anasemaje. Mhandisi akafunga kompyuta.

"Naomba kuiondoa ripoti yangu," alisema. "Nilitumia sifuri kama upepo. Kiwanja cha chini hakifai, na paa la aina ile halifai popote. Linahitaji mikanda ya chuma ya kufunga mbao kwenye ukuta. Kiwanja kilichobaki ni cha juu, karibu na tangi."

"Kile ni cha ukumbi," mwenyekiti alisema. "Kimeshachorwa."

Hapo nilisimama nusu. Miaka thelathini nimelingoja hilo tamko. Dada akanivuta shati nikakaa, kisha akasimama yeye, mwanamke ambaye hajawahi kusema kitu mkutanoni zaidi ya abee.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi si msomi, mimi napiga pasi tu. Kama kule chini ni salama na upepo unapungua, si muuhamishie ukumbi wenu huko? Wajumbe ni watu wazima, maji yakija mnaweza kusimama juu ya viti."

Walicheka wote, hata wajumbe, hata karani wa kikao aliyekuwa anaandika. Walicheka kwa kumtazama mwenyekiti, na sijui kama aliwahi kutazamwa hivyo. Alisubiri wamalize, wakakawia. Kisha akaita kura. Saba kwa mbili, wodi ikapanda juu.

Sasa mtadhani nilitoka nikiimba. Jumatatu muhtasari wa kikao ulibandikwa kwenye ubao uleule. Hoja ya kwanza, kwa herufi nzito: "Fundi wa paa alikiri kuwa vimbunga havijaongezeka." Wodi ilikuwa hoja ya sita, chini, karibu na tangazo la mbwa aliyepotea. Tangu siku hiyo siwezi kununua hata kiberiti bila mtu kuniuliza, "Mzee, kumbe havijaongezeka?" Nawaeleza: idadi ni kitu kimoja, ukali ni kingine. Wanaitikia kwa kichwa, halafu kesho wananiuliza tena. Na mpwa wangu amepata barua. Kuthibitishwa kwake kumesogezwa mbele miezi sita "kwa uzembe wa uingizaji wa takwimu". Yule aliyemwambia weka sifuri anakula pensheni yake kwa raha.

Lakini nimeshapima paa la kule juu. Mikanda imefika, mizito, nimeikagua mmoja mmoja.

Mchana nikitoka huko napita kituoni. Mpwa wangu anafuta sifuri, mia nne na kumi na mbili, kisanduku kwa kisanduku. Makao makuu wamemjibu kwamba programu haitabadilishwa, ila pale pasipopimwa aweke mia tisa tisini na tisa.

"Na atakayekuja kupiga wastani na hizo?" nilimuuliza.

"Atapata kimbunga cha kung'oa milima."

"Basi hapo ndipo watakaponisikia."

Hakucheka. Ameandika onyo la ukurasa mzima, ameligongesha mhuri, na amelibandika ndani ya jalada la kila daftari na kwenye kompyuta yenyewe: namba hii si upepo, iondoe kabla ya kuhesabu. Mimi nakaa kando yake na daftari la karatasi mapajani, nasoma, yeye anaingiza.

"Mwezi wa pili, siku ya wodi," anasema. "Saa sita?"

"Mia na nne."

"Saa saba?"

"Mstari."

"Saa nane?"

"Mstari," nasema, na ninavuta miwani juu, kwa sababu kurasa bado ni nyingi.